Msiwaite waongo

"Mtu anadanganya, damu haidanganyi." Nimeisikia kauli hii mjini Goma, nimeisikia na Kibati, na kila mara ilitoka kwa mtu ninayemheshimu: muuguzi, mhamasishaji wa afya, kijana wa shirika la misaada. Huja pombe inapozungumzwa. Mgonjwa ameulizwa anakunywa kiasi gani, amejibu "kidogo tu, docta", na aliyeuliza amemtazama mwenzake wakatabasamu. Halafu hufuata pendekezo: tuache kupoteza wakati kwa maswali. Tuchukue tone la damu, au mkojo, au kishungi cha nywele, maabara itatuambia kile ulimi ulichoficha.

Naipinga kauli hii yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Nusu ya kwanza inawasingizia watu. Nusu ya pili inaitwisha damu mzigo usio wake.

Asiyeijua Kibati aelewe kwanza swali linaulizwa wapi. Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru unapita Munigi, unapita Kanyaruchinya, kisha unafika Kibati, pale wanapoanzia safari wale wanaopanda mlima Nyiragongo. Chini ni mawe ya volkeno, meusi na makali, na mvua ikinyesha maji yanazama humo yasionekane tena. Mwaka 2008, wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walipoisogelea Goma, makumi ya maelfu ya watu walilala hapa chini ya maturubai huku mstari wa mbele wa vita ukiwa mwendo wa miguu. Mwaka 2012 walikuja waasi wa M23, na tarehe 20 Novemba mwaka huo Goma ikaanguka. Agosti 2013 jeshi la Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa, chenye askari wa Tanzania na Afrika Kusini, walipigania vilima hivihivi vya Kibati. Mwishoni mwa 2022 watu walikimbia tena kutoka Rutshuru na Kibumba, wakajazana Kanyaruchinya. Januari 2025 M23 waliingia Goma mara ya pili, na wiki chache baadaye kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka.

Mtu aliyepita katika hayo yote ameulizwa maswali mengi na watu wenye karatasi. Mko wangapi nyumbani? Jibu ndilo lililoamua kiasi cha unga. Unatoka kijiji gani? Jibu liliweza kumfanya atazamwe kama mwenzetu au kama mpelelezi. Amejifunza, kwa gharama, kwamba jibu linakwenda mahali na kurudi na kitu. Sasa anakuja mwenye karatasi mwingine anauliza: unakunywa pombe? Kabla ya kujibu, mtu huyu anapima swali. Angekuwa mjinga kama asingepima.

Watu wa Kibati wanakunywa, na sina haja ya kuwatetea kwa kukana. Kuna kasiksi, pombe ya ndizi. Kuna mandale. Kuna kanyanga, ile ya kuchemshwa na kukingwa tone kwa tone, inayounguza koo. Mwenye hela ananunua bia ya Primus. Kuna nyumba zilizovunjika kwa sababu ya pombe, kuna wanawake wanaopigwa, kuna vijana wasiotoka kilabuni. Nimezika jamaa yangu kwa ajili ya ini. Kwa hiyo anayeniambia kwamba nalichukulia jambo hili kijuujuu amekosea mtu.

Tuitendee haki sayansi yenyewe. Pombe ikiingia mwilini, sehemu kubwa huvunjwavunjwa na ini na kupotea kwa saa chache, ndiyo maana kumpima mtu pumzi asubuhi hakukuambii sana kuhusu maisha yake. Lakini sehemu ndogo ya ethanoli huungana na mafuta yaliyo katika utando wa chembe nyekundu za damu na kuunda kitu kiitwacho fosfatidiliethanoli, kwa kifupi PEth. Watafiti wa Sweden walikieleza mwaka 1983. Bila ethanoli hakiundiki, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Tena hakina haraka ya kuondoka: mtu aliyekuwa akinywa sana anaweza kukutwa nacho wiki mbili, tatu, hata nne baada ya kuacha. Mwaka 2022 wataalamu waliokutana Basel, Uswisi, walikubaliana mipaka ya kukisoma. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita moja ya damu, matokeo yanalingana na mtu asiyekunywa au anayekunywa kidogo sana. Kuanzia 200 kwenda juu, ni dalili nzito ya unywaji wa kupindukia. Na tone la damu linaweza kukaushwa juu ya kadi ya karatasi, likasafirishwa hadi maabara ya mbali. Ni kipimo kizuri. Sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni na namna tunavyokisoma, na mfano mkubwa kuliko yote uko jirani. Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti wa pale pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, akiwemo Judith Hahn, wamekuwa wakipima PEth ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya miaka kumi. Makala zao za mwaka 2012 na 2014 zilionyesha kwamba baadhi ya waliosema hawanywi, damu yao ilikuwa na PEth. Kazi ile ilifanywa kwa uangalifu na siitilii shaka. Lakini habari yake ilipoondoka maabara na kufika kwenye semina na vikao, iligeuka ikawa fupi: wagonjwa wetu wanadanganya. Hapo ndipo nasimama nasema hapana, kwa sababu kuna swali lililorukwa. Walikuwa wakificha nini, na kwa ajili ya nani?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwapa isoniazidi watu wenye virusi vya UKIMWI ili kuwakinga na kifua kikuu. Katika orodha ya wasiopaswa kupewa walikuwemo wanaokunywa pombe mara kwa mara na kwa wingi. Sababu ya kitabibu ipo: isoniazidi inaweza kuliumiza ini, na pombe vilevile. Lakini kaa upande wa pili wa meza uone. Umetembea asubuhi yote juu ya mawe. Umemwona jirani yako akikohoa damu, ukamwona akifa. Muuguzi ana kidonge kinachoweza kukuepusha na kifo cha namna hiyo, na kabla ya kukitoa anauliza kama unakunywa. Ukisema ndiyo, unaweza kunyimwa. Ukisema hapana, unapewa. Katika chumba hicho neno "hapana" si kipimo cha pombe. Ni ombi la dawa. Halafu tunachukua damu ya mtu aliyeomba dawa, tunaiweka kando ya ombi lake, tunaandika kwamba amedanganya.

Watu wa afya wanapenda kuwatupia wagonjwa methali: mficha uchi hazai, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni za kweli. Ila mkunga wa zamani, kabla ya kumtaka mama ajifunue, alikuwa amefunga mlango, amewatoa wanaume, na mama alijua kwamba akishajifunua atasaidiwa, hatafukuzwa. Sisi tunataka watu wajifunue mlango ukiwa wazi. Na wakisita tunasema: basi, tutawafunua wenyewe kwa sindano.

Kuna jambo la pili, dogo kwa kulitazama, na kwangu mimi ndilo linaloiangusha kabisa hoja ya uongo. Ni chupa.

Dodoso linalojulikana zaidi duniani la kuuliza kuhusu pombe huitwa AUDIT. Lilitayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani kutokana na kazi iliyofanywa katika nchi sita, na mojawapo ilikuwa Kenya. Lina maswali kumi, na kipimo chake ni kinywaji kimoja cha kawaida, yaani chenye gramu kumi hivi za ethanoli. Waliolitunga hawakuwa wajinga: walielekeza kwamba maswali yarekebishwe kulingana na vinywaji vya mahali. Maelekezo hayo ndiyo yanayopotea njiani. Fomu inafika Kibati ikiuliza "vinywaji vingapi", na muuguzi mwenye foleni ya watu arobaini anauliza "chupa ngapi".

Sasa ichukue chupa kubwa ya Primus uiweke mezani. Ni sentilita 72, nguvu yake asilimia 5. Piga hesabu: mililita 720, asilimia tano yake ni 36, na kwa kuwa ethanoli ni nyepesi kuliko maji, unapata gramu 28 hivi. Chupa moja ni karibu vinywaji vitatu vya dodoso. Baba anayesema kwa moyo safi "mbili, jioni", ameandikiwa mbili. Amekunywa karibu sita. Damu yake itakaporudi ikiwa nzito kuliko jibu lake, atawekwa kwenye safu ya waongo, na kosa lake lote ni kwamba alihesabu chupa katika nchi inayouza chupa.

Hiyo ni bia ya kiwandani, yenye karatasi ubavuni. Kasiksi haina karatasi. Ya siku mbili ni tamu, watoto wanaonja. Ikizidi siku kadhaa inakuwa kitu kingine. Kila mpishi ana mkono wake. Na hainywewi kwa chupa. Niliwahi kukaa nje ya kituo kimoja cha afya na mama mmoja aliyekuwa ametoka kuulizwa maswali hayo. Alikuwa na kikohozi, ameshika karatasi yake ya dawa mkononi kana kwamba upepo utaichukua. Alikuwa amejibu kwamba hanywi. Akaniambia, bila hata kumlaumu muuguzi: "Anauliza ya chupa. Sisi tunakunywaka ku bidoni, na mirija. Nani anahesabuka?" Bidoni moja ya manjano, watu watano au sita kuizunguka, kila mtu na mrija wake, mmoja anavuta sana, mwingine anagusa tu kwa heshima ya waliomkaribisha. Nani anahesabu? Halafu akaongeza lile ambalo sijalisahau: "Na kama nilisema ndiyo, dawa angenipa?"

Atakayenijibu atasema: ndiyo maana tunataka damu, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuhesabu. Sawa. Basi tuulize damu inahesabu nini.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu damu ipi. PEth hupimwa kwa mashine ghali; sampuli za Mbarara zilisafirishwa hadi Marekani. Vituo vya kawaida vya huku kwetu havina kipimo hicho. Kwa hiyo yule anayesema "tupime damu" atakapopewa ruhusa, atatumia vipimo vya zamani vilivyo karibu: kimeng'enya cha ini kiitwacho GGT, na ukubwa wa chembe nyekundu. GGT hupanda kwa pombe, ndiyo, lakini hupanda pia kwa homa ya ini na maradhi mengine ya ini na nyongo, na hata kwa baadhi ya dawa za kifafa. Chembe nyekundu hukua kwa pombe, lakini hukua pia mtu akipungukiwa na asidi ya foliki au vitamini B12, na mtu anayekula sombe na bugali mwaka baada ya mwaka bila nyama hana akiba kubwa ya B12. Tena hukuzwa na zidovudini, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumika Afrika nzima kwa miaka mingi. Fikiria hilo taratibu. Mgonjwa aliyemeza zidovudini yake kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa, chembe zake zilikuwa kubwa. Daktari asiyekuwa mwangalifu angeziona akasema: huyu mlevi. Utii wake ungesomwa kama ulevi.

Na PEth yenyewe, pamoja na ubora wake, inakaa ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo yanayozipata chembe yanaipata nayo. Mtu aliyeongezewa damu anaweza kukutwa na PEth ya aliyeitoa; madaktari wameshaandika visa vya namna hiyo. Na huku kwetu nani anayeongezewa damu? Mama aliyetokwa na damu akijifungua, mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, kijana aliyepigwa risasi. Kipimo cha mkojo kiitwacho EtG, kinachoona pombe ya siku chache zilizopita, kimewahi kuonyesha pombe kwa watu waliotumia sana jeli ya kusafishia mikono. Goma tulipata mgonjwa wetu wa kwanza wa Ebola Julai 2019, na muda mrefu baadaye hukuweza kuingia ofisi yoyote bila kunawa au kupakwa mikono. Nywele nazo, zikibadilishwa rangi au kunyooshwa kwa moto, hazisomeki kama zilivyoota. Wasusi wa Goma wangewaeleza hilo wataalamu kwa dakika mbili.

Hata tukiyaacha hayo yote, tukachukulia kwamba kipimo ni sahihi kabisa, namba inasema nini? Inasema ethanoli imepita hapa, kiasi fulani, wiki kadhaa zilizopita. Haitofautishi baba anayevuta mrija kila jioni na wenzake akarudi nyumbani kwa miguu yake, na kijana anayekaa wiki nzima bila kitu kisha Jumamosi anaanguka mtaroni. Kwa mke wa kila mmoja wao tofauti hiyo ndiyo habari yote. Wala haisemi kitu kuhusu kile kinachoua haraka kuliko vyote. Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Aprili 2010, Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli hiyohiyo. PEth ni mtoto wa ethanoli peke yake, methanoli haiioni. Mnywaji wa kanyanga chafu anaweza kuwa na namba ndogo ya kupendeza na macho yanayokaribia kuzima. Ukitaka kumwokoa, nenda kachunguze kile kilichomo kwenye jungu na kwenye dumu la muuzaji. Tanzania mwaka 2017 ilipoamua kupiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi, haikumchoma mtu sindano, iliangalia kinachouzwa.

Kibati ina alama nyingine ya mwilini inayosimulia kilichonywewa, na hiyo haihitaji maabara. Mtoto akicheka unaiona. Moshi wa Nyiragongo hubeba florini. Mvua ikipita kwenye moshi huo huichukua, inashuka nayo kwenye bati la nyumba, inaingia kwenye pipa. Na kwa kuwa mto hakuna, maji ya pipa ndiyo ya kunywa. Mtoto anayeyanywa miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, meno hayo yakitoka yanakuwa na madoa, kwanza meupe kama chokaa, baadaye ya kahawia. Wataalamu wa volkeno na wa maji wamelichunguza na kuliandika jambo hili. Wenyeji walilijua kabla yao.

Angalia alama hiyo ilivyosomwa. Nani amewahi kumkalisha mtoto wa Kibati akamwambia: meno yako yanakusuta, sema ukweli, ulikunywa maji gani? Nani amewahi kumnyima dawa ya minyoo kwa sababu ya meno yake? Madoa yalipoonekana, macho yalipanda juu. Yalitazama bati, yakatazama pipa, yakatazama moshi mlimani, yakatazama bomba ambalo halijafika. Mwili ulitoa ushahidi, na ushahidi huo ukaelekezwa kwa maji.

Nataka alama ya pombe isomwe hivyohivyo. Ikiwa damu ya watu wa kijiji fulani imejaa PEth, macho yapande. Yamwone mama anayepika kasiksi kwa sababu ndicho kitu pekee kinachonunuliwa kila siku na watu wasio na kitu. Yawaone wanaume ambao shamba lao liko upande wa pili wa vita, wenye saa kumi na mbili za kukaa na hakuna cha kulima. Yawaone wasiolala usiku. Mtu aliyeshuhudia yaliyotokea Rutshuru na kugundua kwamba kikombe kimoja kinamletea usingizi, amejitibu kwa dawa aliyoipata. Ni dawa mbaya, itamgharimu ini na nyumba. Lakini ukimwambia tu kwamba namba yake ni 240, umemwambia nini ambacho hakijui?

Kisha kuna daftari. Namba ikishaandikwa kando ya jina, inaanza maisha yake yenyewe. Vituo vya afya vya barabara hii vimeachwa ghafla zaidi ya mara moja, wauguzi wakikimbia na wagonjwa, madaftari yakibaki mezani. Wenye bunduki wamebadilika, wenye mihuri wamebadilika. Anayesema matokeo yatakuwa siri anasema kwa nia njema juu ya kitu asichoweza kukilinda. Na hata penye amani na mahakama zenye nguvu, watu wamelazimika kuzuia namba hizi zisipewe mamlaka kupita kiasi. Uingereza vipimo vya pombe kwenye nywele vilipozoeleka katika kesi za malezi ya watoto, Mahakama Kuu mwaka 2010, kwa hukumu ya Jaji Moylan, ilionya kwamba visitumike peke yake, viwe sehemu tu ya picha kubwa ya ushahidi. Kama mzazi wa London mwenye wakili anahitaji ulinzi huo, mama wa Kibati asiye na wakili anahitaji zaidi.

Najua hoja itakayobaki mikononi mwa wapinzani wangu, na ni nzito. Watasema: unapiga maneno, lakini isoniazidi inaweza kuua ini la mnywaji, tusipojua nani anakunywa tutamuua kwa dawa yetu. Najibu kwamba anayeficha kwa kuogopa kunyimwa ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu anameza kidonge na pombe bila mtu wa kumwambia aangalie nini. Mwambie kila mmoja, anywe asinywe, kwamba mkojo ukiwa kama chai nyeusi, macho yakiwa ya manjano, chakula kikimchefua, aache kidonge siku hiyohiyo aje. Mfuatilie. Mwenye dalili apimwe ini. Mwambie pia kwamba kusema kwake "nakunywa" hakutamfungia mlango, na uhakikishe kweli hakumfungii. Ukishafanya hivyo, chukua damu ukipenda, kwa ridhaa yake, umwonyeshe matokeo yake mwenyewe. Kuna watu ambao namba iliyoshuka mwezi hadi mwezi imewatia moyo kuliko hotuba, na kwao PEth ni rafiki. Watafiti nao waendelee kupima, bila majina, wajue ukubwa wa tatizo. Nisichokikubali ni damu kuletwa chumbani kama shahidi wa upande wa mashtaka.

Yule mama wa kikohozi nilimwona tena kwenye kituo kilekile, zamu ya muuguzi mwingine, mzee kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuwa nimempeleka jirani yangu, tukakaa kwenye benchi karibu na mlango. Mzee yule alianza na dawa. Alizitoa, akazihesabu mbele yake, akamwekea mkononi. "Hizi ni zako, mama. Hata ukisema nini, ni zako." Ndipo akauliza: "Jana mulikaa wangapi ku bidoni?"

"Tulikuwa batano," mama akasema. Na akaendelea bila kusukumwa. Ilikuwa bidoni ya lita tano, kasiksi ya siku nne, kali. Walianza jua likiwa juu ya Nyiragongo, ikaisha giza likiingia. Wawili hawakunywa sana. Yeye alikunywa sana. Zamani hakuwa na tabia hiyo, kwao Rugari alikuwa anaonja siku ya harusi tu. Alianza walipofika huku, baada ya kumzika kitinda mimba. Sasa ni kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili mikono inamtetemeka.

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku kimoja cha kuandikia namba. Muuguzi alikitazama, akaigeuza karatasi, akaanza kuandika upande wa nyuma.